Malezi Ugenini: Kipi ni Dini na Kipi ni Ada?

Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake wote. Amma baad:

Miongoni mwa masuala yanayowashughulisha sana Waislamu wenye asili ya mwambao wetu waliohamia nchi za mbali ni suala la malezi. Mzazi aliyekulia Lamu, Unguja, Moroni au Barawa anajikuta analea London, Toronto au Maskati. Anamwona mwanawe akikemewa humtazama machoni, akiulizwa hujibu kwa lugha ya shule, na akiamrishwa hutaka kuelezwa sababu. Mzazi huyo husononeka, akaona dini imekwisha kumtoka mtoto. Jirani yake, aliyetoka mji ule ule, amekata tamaa kwa namna nyengine. Yeye husema ukienda kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho, akamwachia mtoto kila kitu, mpaka sala.

Wazazi hawa wawili wanaonekana kuwa mbalimbali, lakini chanzo cha matatizo yao ni kimoja. Kila mmoja ameichukua dini na ada akazifunga katika mtumba mmoja. Wa kwanza anaubeba mtumba wote, wa pili ameutupa wote. Katika makala hii tutaeleza, kwa kadiri Mwenyezi Mungu atakavyotuwezesha, vipi wanavyuoni wetu walivyovitenganisha vitu hivi viwili, na vipi historia ya Waislamu waliohama inavyotuonyesha kuwa jambo hili si geni katika umma huu.

Sharia imeweka nini katika malezi

Mwenye kusoma vitabu vya fiqhi ataona kuwa haki za mtoto zimetajwa kwa uwazi. Nazo ni kuhifadhiwa nasaba yake, kupewa jina jema, kufanyiwa akika, kunyonyeshwa, kulishwa na kuvishwa, kutunzwa katika udogo wake (hadhana), kufundishwa yaliyo faradhi juu yake, na kufanyiwa uadilifu baina yake na ndugu zake. Katika Suratut Tahrim, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amewabebesha waumini jukumu la kuzikinga nafsi zao na ahali zao na Moto. Na katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amewafahamisha baba na mama kuwa wote wawili ni wachunga, na kwamba kila mmoja ataulizwa juu ya aliowachunga.

Ama namna ya kuyatimiza hayo, sharia imeacha nafasi kubwa. Tuitazame aya ya 233 ya Suratul Baqara. Aya inataja muda wa kunyonyesha kuwa ni miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kuutimiza. Kisha inamwajibisha baba chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha, lakini haikutaja kibaba wala dirhamu, bali imesema iwe kwa njia ya maarufu, yaani kwa kadiri inayojulikana na watu na kulingana na uwezo wa baba. Kisha ikawaruhusu wazazi kumwachisha mtoto kabla ya muda huo kwa kuridhiana na kushauriana. Basi katika aya moja tunakuta wajibu uliothibiti, ada ya watu inayotazamwa, na shauri la wazazi wawili. Huo ndio mfano wa malezi yote katika Uislamu.

Kutokana na aya kama hizi na hadithi nyingi, wanavyuoni walitoa kanuni isemayo kuwa ada ni yenye kuhukumu (al-aadatu muhakkama). Imam as-Suyuti (aliyefariki mwaka 911 Hijria, sawa na 1505) ameihesabu kuwa ni moja katika kanuni tano kubwa ambazo fiqhi ya madhehebu ya Shafi imejengewa. Lakini ada haikuachwa bila ya mpaka. Sharti yake ni kuwa isigongane na nassi ya Qur'ani au Sunna, iwe imeenea kwa watu wa mahali hapo, na iwe ipo wakati wa jambo linalohukumiwa. Ada iliyokufa haihukumu, wala ada ya mji mmoja haiwahukumu watu wa mji mwengine.

Sharti hili la mwisho lina uzito mkubwa katika maudhui yetu. Imam al-Qarafi wa Misri (aliyefariki mwaka 684 Hijria, sawa na 1285), mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Maliki, amemuonya mufti kwamba akijiwa na mtu kutoka nchi nyengine asimpe fatwa kwa ada ya mji wake yeye mufti, bali amuulize kwanza ada ya nchi yake. Na Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria, sawa na 1350) ameweka mlango maalumu katika kitabu chake I'lam al-Muwaqqi'in kueleza vipi fatwa hubadilika kwa kubadilika zama, mahali, hali, nia na ada. Ikiwa mufti mwenye elimu ameonywa asimtwishe mgeni ada ya mji wake, mzazi naye yampasa ajiulize: mwanangu aliyezaliwa hapa ni mtu wa mji gani?

Watoto wawili wa Uhabeshi

Hijra ya kwanza katika Uislamu haikuwa ya Madina. Katika mwaka wa tano tangu kuanza utume, takriban mwaka 615, kundi la Waislamu lilivuka bahari kwenda Uhabeshi. Baadhi yao, akiwemo Jaafar bin Abi Talib na mkewe Asmaa binti Umays (r.a.), hawakurejea mpaka mwaka wa 7 Hijria, wakati wa Khaybar. Hiyo ni takriban miaka kumi na tatu. Katika muda huo walizaliwa watoto na wakakua katika nchi yenye mfalme Mkristo, lugha nyengine na desturi nyengine. Hawa ndio watoto wa kwanza wa Kiislamu waliolelewa ugenini, na hadithi mbili zinatuonyesha vipi Mtume (S.A.W.) alivyoamiliana nao.

Mtoto wa kwanza ni Ama binti Khalid bin Said, aliyejulikana kwa jina la Umm Khalid. Alizaliwa Uhabeshi na akaletwa Madina angali mdogo. Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa nguo, miongoni mwao likiwemo vazi dogo jeusi lenye mapambo. Akawauliza waliokuwapo ni nani wa kuvishwa vazi lile, nao wakanyamaza. Akaagiza aletwe Umm Khalid, akaletwa hali amebebwa, akamvisha kwa mikono yake mwenyewe na kumuombea aishi mpaka alichakaze. Kisha akawa anamuonyesha yale mapambo na kumwambia "sanah", neno la Kihabeshi lenye maana ya kitu kizuri. Katika mapokezi mengine, mtoto huyo alikwenda kwa Mtume (S.A.W.) pamoja na babake, akaanza kuuchezea muhuri wa utume uliopo baina ya mabega yake. Baba akamkemea. Mtume akamwambia baba amwache.

Tuzingatie. Mtoto amekuja na lugha ya ugenini, wala hakuambiwa aiache. Mtume aliyeteremshiwa Qur'ani kwa Kiarabu ndiye aliyelifuata neno la mtoto na kumsemesha nalo. Na pale baba alipoona haya mbele za watu kwa uchangamfu wa binti yake, kama anavyoona haya mzazi yeyote, aliambiwa asimkemee.

Mtoto wa pili ni Umar bin Abi Salama, ambaye wasimulizi wa sira wanataja kuwa naye alizaliwa Uhabeshi, na ambaye baada ya kufariki babake alilelewa katika nyumba ya Mtume (S.A.W.) kwa kuwa mamake, Umm Salama (r.a.), aliolewa na Mtume. Yeye mwenyewe anasimulia, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kwamba alikuwa akila na mkono wake ukizunguka sahani nzima. Mtume (S.A.W.) akamfundisha mambo matatu: alitaje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Umar anaeleza kuwa tangu siku hiyo hakuacha kula hivyo.

Watoto wote wawili walitoka nchi moja. Kwa yule wa kwanza lililojitokeza ni lugha, nayo ni ada, ikapokewa kwa furaha. Kwa yule wa pili lililojitokeza ni jambo lenye adabu ya kidini, likarekebishwa. Na marekebisho yenyewe yalikuwa maneno machache ya upole, mtoto akiwa bado ameketi mezani pa chakula, wala hakuambiwa kuwa ameharibiwa na Wahabeshi.

Makka na Madina

Hijra ya Madina nayo ilikuwa na mabadiliko ya majumbani ambayo aghalabu hatuyataji. Kabla ya hapo, Makureshi walikuwa na desturi ya kuwapeleka watoto wao wachanga majangwani wanyonyeshwe na wanawake wa mabedui, wapate hewa safi na Kiarabu fasaha. Ndivyo Mtume (S.A.W.) mwenyewe alivyolelewa na Bibi Halima wa Bani Saad. Uislamu ulipokuja haukuamrisha desturi hii wala haukuikataza. Qur'ani iliruhusu kumkodi mnyonyeshaji, na fiqhi ikaeleza hukumu za udugu wa kunyonya. Desturi yenyewe iliachiwa watu.

Walipofika Madina, Muhajirina walikuta nyumba za namna nyengine. Umar bin al-Khattab (r.a.) anasimulia, katika hadithi ndefu iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Makureshi walikuwa wakiwatawala wake zao, na walipofika kwa Ansari waliwakuta ni watu ambao wake zao wana nguvu juu yao. Wake wa Kikureshi wakaanza kuchukua tabia za wenyeji wao. Siku moja Umar alimpigia kelele mkewe, naye akamjibu. Umar akachukizwa. Mkewe akamwambia kwamba hata wake wa Mtume (S.A.W.) humjibu. Umar alipokwenda kumueleza Mtume habari ile ya wake wa Makka na Madina, Mtume alitabasamu.

Hakuna katika hadithi hii amri ya kuwarejesha wanawake katika desturi ya Makka. Kujibizana kwa mke na mume ndani ya mipaka ya heshima kulikuwa ada ya mji, na ada ile haikugongana na nassi. Watoto wa Muhajirina waliokulia Madina walikulia katika nyumba hizo zilizobadilika, na miongoni mwao ndimo walimotoka wanavyuoni wakubwa wa umma.

Kinyume chake ni pale ada ilipogongana na msingi wa dini. Al-Aqra bin Habis, bwana mkubwa wa Bani Tamim, alimwona Mtume (S.A.W.) akimbusu mjukuu wake Hasan. Akasema kuwa yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Kwake yeye ugumu huo ulikuwa ndio uanaume. Mtume akamfahamisha, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kuwa asiyehurumia naye hahurumiwi. Hapa ada ya kwao, ya Waarabu wenyewe, ndiyo iliyokataliwa. Basi ada haiwi nzuri kwa kuwa ni yetu, wala haiwi mbaya kwa kuwa ni ya wengine.

Wakimbizi wa Andalus

Karne ya 7 Hijria, miji mikubwa ya Kiislamu ya Andalus ilianguka mmoja baada ya mwengine: Kordoba mwaka 1236, Valencia mwaka 1238, Seville mwaka 1248. Waislamu wengi walivuka bahari kwenda Afrika Kaskazini, na wengi wao walitua Tunis. Miongoni mwa jamaa zilizotoka Seville ni jamaa ya Ibn Khaldun, mwanahistoria mashuhuri, aliyezaliwa Tunis mwaka 732 Hijria (1332) na kufariki Cairo mwaka 808 Hijria (1406).

Katika Muqaddima yake, Ibn Khaldun ameeleza vipi miji ya Kiislamu ilivyotofautiana katika kuwafunza watoto. Watu wa Maghribi walimfunza mtoto Qur'ani peke yake mpaka aimudu. Watu wa Andalus waliifanya Qur'ani kuwa ndio asili, lakini walichanganya na mashairi, insha, sarufi ya Kiarabu na hati. Watu wa Tunis na pande zake walichanganya Qur'ani na hadithi na misingi ya elimu nyengine. Kisha anaeleza kuwa njia ya Tunis ilikaribiana na ya Andalus kwa sababu ya mashekhe waliokimbilia huko na kuwafunza watoto wa mji ule. Wageni wale hawakuyeyuka wakapotea, wala hawakujitenga. Walichokuja nacho kikawa sehemu ya malezi ya mji mzima, nao wakachukua yaliyokuwapo.

Ibn Khaldun pia ameweka mlango unaoeleza madhara ya kuwafanyia ukali wanafunzi. Anasema, kwa maana yake, kwamba mtoto anayelelewa kwa kutenzwa nguvu nafsi yake hudhikika, uchangamfu humtoka, na hujifunza uongo na hila kwa kuiogopa mikono ya mwenye kumtenza, mpaka mambo hayo yakawa ndiyo tabia yake. Maneno haya yameandikwa zaidi ya miaka mia sita iliyopita, na mwandishi wake ni kadhi wa Kimaliki.

Mwambao wetu wenyewe

Sisi watu wa mwambao tuna mfano katika nyumba zetu. Wahadhrami waliokuja Lamu, Mombasa, Unguja na Ngazija wengi wao walikuwa wanaume bila ya wake, wakaoa wenyeji. Watoto wao walinyonya Kiswahili au Kingazija pamoja na maziwa ya mama. Wamazrui walikuja kutoka Oman hali ni Maibadhi, na kwa kupita vizazi wakawa Mashafi kama watu wa Mombasa. Kutokana na ukoo huo alizaliwa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui (1891 hadi 1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ambaye alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, na akaandika vitabu vya kuwafunzia watu dini kwa Kiswahili. Lau wazee wake wangaliona Kiswahili ni lugha ya kumpotezea mtoto dini, nani angalituandikia?

Katika malezi ya mwambao palikuwa na nguzo ambazo wengi wetu hatukuzihesabu kwa kuwa zilikuwapo tu. Mtoto hakulelewa na watu wawili. Alilelewa na bibi, shangazi, mjomba, mwalimu wa chuo na jirani aliyekuwa na ruhusa ya kumrudi akimkuta njiani. Msichana alikuwa na somo wake wa kumueleza mambo ya utu uzima ambayo mama aliona haya kuyasema. Adhana ilisikika, mwezi wa Ramadhani ulionekana barabarani, na kusali kulikuwa jambo ambalo kila mtu analifanya. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, nasi tulikuwa na mikono kumi.

Hiyo mikono kumi ndiyo anayoipoteza mzazi anapohama. Yeye hudhani kilichopungua ni utiifu wa mtoto, na kumbe kilichopungua ni wasaidizi.

Mambo matatu yanayobadilika ugenini

Jambo la kwanza ni lugha. Mtoto hujifunza lugha ya wenyeji haraka kuliko wazazi wake. Baada ya miaka miwili au mitatu yeye ndiye msomaji wa barua za benki na mkalimani wa mama mbele ya daktari. Hapo daraja hupinduka: mtoto anajua siri za nyumba, na mzazi humtegemea. Katika hali hii, amri ya baba haina tena ule uzito wa mtu anayejua. Dawa yake ni mzazi naye kusoma lugha. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zaid bin Thabit (r.a.) kujifunza maandishi ya Mayahudi wa Madina ili mawasiliano yasiwe mikononi mwa wengine, kama ilivyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi. Na lugha ya nyumbani nayo isiachwe ife. Watu wa Barawa waliokimbia vita vya Somalia tangu mwaka 1991 wakapitia Mombasa mpaka Uingereza na Marekani, walikuwa na Chimiini, tawi la Kiswahili ambalo mabibi waliwafundishia watoto dini kwa tenzi, zikiwemo tenzi za Bibi Dada Masiti. Lugha hiyo ni ada, lakini ni ada iliyobeba dini na inayomuunganisha mjukuu na bibi yake. Ikipotea, na kuunga kizazi hudhoofika.

Jambo la pili ni adhabu ya kupiga. Wazazi wengi hutoa hoja kwa hadithi iliyopokewa na Abu Dawud ya kuwaamrisha watoto sala wakifika miaka saba na kuwapiga kwa kuiacha wakifika miaka kumi. Hadithi hii ipo, na mafaqihi wa Kishafi wameichukulia kuwa ni wajibu wa walii. Lakini wameieleza kwa masharti. Baina ya saba na kumi kuna miaka mitatu, na katika muda huo mtoto huamrishwa kwa maneno zaidi ya mara 5,000. Pigo lisiwe la kuumiza wala la usoni, na likileta madhara mzazi au mwalimu hubeba dhamana. Na Imam Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na 1262) ameeleza kuwa ikiwa mtoto hawezi kuadibishwa ila kwa pigo kali, basi haifai kumpiga kabisa: lile kali limekatazwa, na lile jepesi halina faida. Kwa hiyo kupiga ni njia ya kufikia lengo, na njia isiyofikisha huachwa.

Sasa tuangalie hali ya nchi hizo. Sweden ilikataza kumpiga mtoto kwa sheria mwaka 1979, ikiwa nchi ya kwanza duniani. Norway ilifuata mwaka 1987, Ujerumani mwaka 2000, Scotland mwaka 2020 na Wales mwaka 2022. Hata Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imemlinda kila mtu na adhabu ya viboko. Mzazi anayepiga katika nchi kama hizo anaweza kuondolewa mtoto, na mtoto akalelewa katika nyumba isiyo ya Kiislamu. Kanuni ya fiqhi inasema kuzuia madhara kunatangulia kuleta maslaha. Tena mwenye kuingia nchi kwa ruhusa ya wenyewe ameingia katika ahadi, na Suratul Maida inaanza kwa amri ya kutimiza ahadi. Na kielelezo chetu kikubwa ni Anas bin Malik (r.a.), aliyepelekwa na mamake kumtumikia Mtume (S.A.W.) akiwa mtoto wa takriban miaka kumi. Alitumika miaka kumi, na anashuhudia kuwa hakuambiwa hata neno la kuguna. Malezi bila ya fimbo yaliwezekana katika nyumba bora kuliko zote.

Jambo la tatu ni kumrejesha mtoto nyumbani. Wazazi wengi mambo yakiwashinda humpeleka mtoto Mombasa, Unguja au kwengineko "akanyooshwe". Jambo hili lina asili katika historia. Wahadhrami waliwapeleka wana wao Hadhramaut kusoma, na Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na akawa kadhi mkubwa wa Unguja mpaka kufariki kwake mwaka 1925, alisafiri huko kutafuta elimu. Lakini kuna tofauti baina ya kijana anayepelekwa kwa mashekhe akasome, akijua aendako, na mtoto anayedanganywa kuwa ni likizo kisha akafungiwa mahali penye minyororo na viboko. Kanuni ya fiqhi ni kuwa matendo ya walii juu ya aliye chini yake yamefungamana na maslaha ya huyo aliye chini yake. Walii hana ruhusa ya kumuondoa mtoto katika tabu moja akamtia katika tabu kubwa zaidi. Kumdanganya nako ni uongo, na uongo hauwi mlango wa kumfundisha mtu dini.

Mizani ya mzazi

Kutokana na yaliyotangulia, tunaweza kumwekea mzazi maswali manne ya kupimia kila jambo linalomkera kwa mwanawe.

Kwanza: je, lina nassi? Sala, saumu, kuacha pombe na zinaa, kuwatendea wema wazazi, haya yana nassi na hayabadiliki kwa kubadilika nchi. Hapa ndipo pa kushika kwa nguvu zote.

Pili: ikiwa ni ada yetu, inabeba maslaha gani, na je, maslaha hayo yanapatikana kwa njia nyengine? Kwetu mtoto huamkia kwa shikamoo na humbusu mkubwa mkono. Kinachotakiwa na sharia ni salamu na heshima. Mtoto akitoa salamu na akaonyesha heshima kwa namna ya mahali alipo, lengo limepatikana, na akifundishwa shikamoo kwa mapenzi ni pambo zuri.

Tatu: je, ada ya wenyeji inagongana na nassi? Kwetu mtoto anayekemewa huinamisha macho, na Ulaya mwalimu humtaka amtazame usoni, la sivyo humdhania ni mwongo. Yote mawili ni ada, na mtoto anayetazama hakufanya ufedhuli. Ama kuuliza sababu, tukumbuke kuwa Nabii Ibrahim (A.S.), alipoamrishwa jambo zito kuliko yote juu ya mwanawe, alimueleza na kumtaka maoni yake, kama ilivyo katika Suratus Saffat, aya ya 102. Mtoto anayeuliza "kwa nini nisali?" amefungua mlango, na mzazi asiyekuwa na jibu naye yampasa asome.

Nne: tukishikilia, nani atadhurika? Ikiwa kushikilia ada ndogo kutamfanya mtoto aione dini yote kuwa ni ushamba wa nchi asiyoijua, basi tumeiuza faradhi kwa ajili ya ada.

Na juu ya maswali haya, mzazi ajitahidi kuirejesha ile mikono kumi. Kwa mujibu wa hali za huko, mikono hiyo ni msikiti wa mtaa, madrasa za Jumamosi, jamaa wa mji mmoja kukutana kwa maulidi na Idi, mama mtu mzima mwaminifu wa kuwa somo kwa wasichana, na baba kupunguza zamu za kazi, ikiwezekana, ili awepo nyumbani. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wa ugenini hufunza usiku na mchana, nao haulipwi.

Mzazi aliyehama hakuachwa bila ya mfano. Muhajirina wa Uhabeshi walirejea na watoto wenye lugha nyengine ulimini, na watoto wale wakawa katika wapokezi wa hadithi tunazozisoma leo. Umm Khalid aliyevishwa lile vazi aliishi umri mrefu, akaolewa na Zubair bin al-Awwam (r.a.), na yeye mwenyewe ndiye aliyeisimulia hadithi ile. Miongoni mwa aliyoyahifadhi kutoka kwa Mtume (S.A.W.) katika udogo wake ni nguo, mchezo, na neno moja la lugha aliyokulia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awatengeneze watoto wetu popote walipo, na awape wazazi wao hekima na subira. Wallahu aalam.